Mchango Sawa, Safari Isiyo Sawa



Ndugu zangu, swali ninalolileta kwenye kurasa hizi lilizaliwa na safari ya gofu, na najua wapo watakaocheka. Wanafunzi wa Kiislamu wa Masoro na gofu, wapi na wapi? Basi niwaeleze kwanza tulifikaje huko.

Mwaka juzi alihamia kwenye jengo tunalopanga kijana mmoja wa jumuiya yetu. Alikulia karibu na uwanja wa gofu wa Nyarutarama, na tangu akiwa sekondari alikuwa akitumia likizo kuwabebea wachezaji mifuko ya fimbo zao. Kazi hiyo huitwa ukedi. Kedi hutembea na mchezaji mashimo yote 18, anasoma mteremko, anashauri fimbo ipi itumike, na jioni anapewa ujira wake anarudi nyumbani kwa miguu. Akiwabebea wengine, akajifunza mwenyewe. Alipohamia kwetu alikuja na fimbo mbili kuukuu na mipira kadhaa, na kila baada ya Alasiri akawa anatufundisha kwenye kiwanja kitupu kilicho chini ya nyumba zetu. Mashimo tulichimba wenyewe, tukafukia ndani makopo ya maziwa. Tulianza watatu. Hadi muhula uliopita tulikuwa kumi na wanne.

Ndipo kaka mmoja aliyekwisha hitimu, ambaye sasa ana kazi nzuri kwenye eneo la viwanda hapa hapa Masoro, akatoa wazo: twende Kabale. Mpaka wa Gatuna, uliofungwa Februari 2019, ulikwisha funguliwa tangu mwisho wa Januari 2022, na Mnyarwanda anavuka kwa kitambulisho cha taifa tu. Ukishavuka, Kabale si mbali, mji wenye baridi ulio katikati ya milima ya Kigezi, na una uwanja wa gofu wa mashimo 9 ulio pale pale mjini. Ziwa Bunyonyi liko jirani. Tungeondoka Ijumaa baada ya swala, tulale, tucheze Jumamosi, turudi Jumapili. Kwa masafa hayo hata kupunguza swala kunaruhusiwa. Kila mtu alifurahi.

Suala la uhalali tulilimaliza haraka. Mchezo wenyewe ni mubaha, maadamu swala haipotei. Aliyependekeza kwamba timu itakayoshindwa iwanunulie wenzao chakula cha mchana tulimkatalia, kwa sababu hiyo ni dau, na dau la pande mbili katika mchezo wa aina hii ni kamari hata likiwa ni sahani ya wali. Dada zetu walikuwa na safari yao tofauti, na kwa taarifa yenu walimaliza hesabu zao mapema kuliko sisi.

Mimi nilichaguliwa kuwa mweka hazina. Nasoma masomo ya Kiislamu, wakaona nitakuwa mwaminifu. Nilijumlisha nauli ya kosta ya kukodi, malazi, chakula na ada ya uwanja, ikatoka faranga 770,000. Nikagawa kwa kumi na nne. Faranga 55,000 kila mmoja. Nikasimama baada ya Isha nikaisoma hesabu, nikauliza, "Kuna mwenye neno?" Kimya. Nikasema, "Basi tumekubaliana."

Siku tatu baadaye yule aliyetufundisha sote kushika fimbo alinijia akaniambia, "Mimi msinihesabu, sheikh. Wiki hiyo nina shughuli ya nyumba." Nilielewa kwamba ana jambo la kifamilia. Nikamwombea kheri, nikafuta jina lake, nikagawa upya kwa kumi na tatu. Sikufikiri zaidi.

Jumamosi moja kabla ya safari nilipita upande wa Ndera kufuata fotokopi. Nikamwona kwenye jengo linaloinuliwa, amebeba tofali begani, anapanda ngazi ya mbao. Shughuli ya nyumba. Hakusema uongo hata kidogo. Ilikuwa nyumba kweli, ila ya mtu mwingine, na alikuwa akitafuta kodi ya chumba.

Wanaosoma fiqhi wanajua kwamba maneno ya aina ile yana jina: maaridh, yaani kusema kweli yenye sura mbili ili msikilizaji aelewe sura isiyokusudiwa. Wanazuoni wameyaruhusu mtu akiwa na haja. Usiku ule swali langu halikuwa kama yeye alifanya halali au haramu. Nilijiuliza ni nani aliyemtengenezea ile haja. Tulimweka mahali ambapo alikuwa na njia mbili tu: atangaze umaskini wake mbele ya watu kumi na watatu, au atafute neno lenye sura mbili. Akachagua la pili kwa ustadi. Mwingine asiye na ustadi huo angedanganya.

Kwa sheria kavu mimi sina kesi. Iko kanuni, nayo ilikuja kuandikwa hata katika Majalla ya dola ya Uthmaniya, kwamba akikutana mtenda na msababishaji, hukumu humwendea mtenda. Kama angesema uongo, uongo ungekuwa wake. Niliikumbuka kanuni hiyo nikapata afueni kwa dakika kama kumi hivi. Kisha nikakumbuka kwamba iliwekwa ili kadhi ajue nani alipe fidia. Kadhi lazima asimame mahali fulani, la sivyo kila kesi ingerudi nyuma mpaka kwa Nabii Adam. Kumfundisha mweka hazina namna ya kulala usingizi si kazi yake.

Na ule "tumekubaliana" wangu? Imam Shafi'i ana msimamo mashuhuri kwamba mtu aliyenyamaza hahesabiwi kuwa amesema kitu. Waliokuja baada yake wakaongeza kwamba kimya huwa ni tamko pale tu panapohitaji tamko, kama kimya cha bikira anapoulizwa kuhusu ndoa. Hapo ridhaa inachukuliwa kwa kimya kwa sababu haya inamzuia kusema ndiyo. Sasa tazameni mimi nilivyofanya. Nilichukua ridhaa kwa kimya mahali ambapo haya inamzuia mtu kusema hapana. Niliigeuza kinyumenyume, tena nikiwa mwanafunzi wa fani yenyewe.

Nilipowaeleza wenzangu, yule kaka mwenye kazi alinijibu vizuri, na ningependa jibu lake lipewe haki yake, kwa sababu wengi wenu mtaliona lina nguvu. Alisema: "Ndugu, hii ni gofu. Siyo mkate. Maslahi yana daraja, yapo ya dharura, yapo ya haja, yapo ya kupamba maisha. Safari ya gofu iko mwisho kabisa wa daraja la tatu. Asiyeweza haendi, na hakuna aliyedhulumiwa. Mimi siwezi kununua gari na sijaona mtu akinichangia." Akaongeza kwamba pesa yake ni ya halali, ameifanyia kazi, na hakuna aya inayomlazimisha kulipia burudani ya mwenzake.

Katika jambo la gofu yuko sahihi. Hakuna anayekufa kwa kukosa kupiga mpira milimani. Lakini nadhani ameweka jina la gofu juu ya kitu kingine. Inasimuliwa kwamba Sayyidna Umar (R.A.) mtu alipomsifia mwenzake alimuuliza kama amewahi kusafiri naye, kwa maana safari ndiyo inayofunua tabia. Tunaisoma habari hiyo kama onyo kuhusu marafiki, na tunasahau upande wake wa pili: safari ndipo watu wanapojuana. Mwaka uliotangulia jumuiya ilikwenda Musanze. Waliokwenda walirudi na mizaha ambayo wengine hatukuielewa kwa miezi miwili. Walirudi na kundi lao la WhatsApp, na humo ndimo wawili walimopata nafasi za mazoezi ya kazi, na humo ndimo lilimoamuliwa, nusu kwa utani, nani agombee uongozi. Hakuna aliyepanga kumfungia mtu mlango. Mlango ulifungwa na bei. Kwa hiyo anayebaki Masoro Ijumaa ile hakosi burudani peke yake. Anarudi kuwa mgeni katika jumuiya aliyoisaidia kuijenga, na udugu hauko kwenye daraja la tatu.

Hapo ndipo nilipokwenda kusoma upya mlango mmoja katika Sahihi Bukhari ambao tuliupita haraka darasani, mlango wa ushirika katika chakula na kile kinachoitwa nahd. Nahd ni wasafiri kukusanya masurufu yao pamoja. Imam Bukhari anaeleza kwamba Waislamu hawakuona ubaya katika hilo, ijapokuwa mmoja atakula zaidi na mwingine kidogo, yaani hata kama hesabu haitoki sawa. Wanafunzi wa muamalati mnajua ajabu iliyomo: sheria ambayo kwenye biashara inapima tende kwa tende mpaka punje ya mwisho, kwenye safari inafumba macho.

Mlango wenyewe umejaa safari za kweli. Abu Ubayda (R.A.) alitumwa pwani na watu 300, chakula kikapungua njiani, akaamuru kila mwenye kitu akilete, yakapatikana mafurushi mawili ya tende. Akawa anawagawia kidogo kidogo mpaka ikafika tende moja kwa mtu kwa siku. Aliposimulia Jabir, akaulizwa tende moja inamfaa mtu nini, akajibu kwamba walijua thamani yake ilipokosekana kabisa. Na wako watu wa kabila la Ash'ari, ambao chakula chao kikipungua vitani au mjini Madina hukusanya vyote walivyo navyo katika nguo moja, kisha wakagawana sawa kwa chombo kimoja. Mtume (S.A.W.) aliwasifu mpaka akajihesabu kuwa yu miongoni mwao na wao miongoni mwake.

Angalieni usawa uko wapi katika habari ya Ash'ari. Uko kwenye kugawana, haumo kwenye kutoa. Mimi nilikuwa nimeuweka usawa pale penye kutoa, nikajiona mwadilifu kwa sababu namba zilifanana.

Jambo linaloniuma kidogo ni kwamba gofu yenyewe ilikuwa inatufundisha hivyo kila jioni. Katika mchezo huu kuna kitu kinaitwa handikapu. Mchezaji dhaifu hupewa mikwaju kadhaa ya kupunguziwa, ili acheze na aliye hodari na mchezo uwe na maana kwa wote wawili. Tangu 2020 kuna utaratibu mmoja wa dunia nzima, na handikapu inaweza kufika 54. Pale kwenye makopo yetu ya maziwa, rafiki yangu alikuwa akinipunguzia mikwaju miwili kila shimo. Kuna siku nilimshinda. Sikuona aibu, wala yeye hakujiona amenipa sadaka. Kwa nini? Nimelifikiria sana hili. Naona ni kwa sababu handikapu ni kanuni iliyotangulia mchezo, na kila mtu anayo, aliye hodari na aliye dhaifu. Hainijii kama huruma ya mtu aliyeniona ninavyohangaika. Lau angeniangalia nikikosea halafu aseme, "Maskini, huo usihesabu," ningetupa fimbo nikaenda zangu.

Hapo ndipo ilipo shida ya jibu jepesi ambalo wenzangu wawili walilitoa kwa nia njema: tumlipie. Tumchangie kimyakimya halafu tumwambie aje. Niliwauliza, akija atakaa vipi ndani ya kosta? Kila akichukua kipande cha nyama atakuwa anakula pesa ya mtu fulani.

Mwingine akasema safari iwe ya bei nafuu, tupande mlima Jali kwa miguu, tule mandazi, turudi. Napenda Jali, na safari kama hiyo haina lawama. Lakini mtu pekee kati yetu ambaye gofu iko moyoni mwake, ambaye ametembea maelfu ya mashimo akiwa amebeba fimbo za wengine, ndiye tungemnyang'anya uwanja halisi kwa jina la kumhurumia. Na hakuna aliyekuwa amemuuliza.

Nikaenda kumuuliza. Alikuwa anaosha mikono yenye saruji. Alikasirika kidogo kwamba nimejua, kisha akacheka lile neno la shughuli ya nyumba. Alisema, "Kama mnataka nije, nitakuja kama mwalimu. Nitawasomea mteremko, nitawachagulia fimbo. Huo ndio uwe mchango wangu." Nilikaribia kukubali, kwa sababu hoja yake ina asili. Katika walima ya Mtume (S.A.W.) na Bibi Safiyya (R.A.), wakati wa kurudi kutoka Khaybar, watu walileta kila mmoja alicho nacho: huyu tende, huyu samli, vikachanganywa vikaliwa. Mchango si lazima uwe wa aina moja.

Lakini nilivyolala nalo, likanikataa. Mwenye tende na mwenye samli wote walikaa wakala. Huyu angekuwa mtu mmoja anayefanya kazi siku ambayo sote tunacheza. Tungemvusha mpaka wa Gatuna ili tumrudishe kwenye ukedi, na safari hii bila ujira. Nilimwambia hivyo. Alinyamaza, na kwa kuwa nimejifunza kitu kuhusu kimya, sikukihesabu kuwa ndiyo wala hapana.

Tulichofanya mwishoni ni hiki, na sikileti kama fatwa. Tulitoa bahasha kumi na nne zisizo na jina. Kila mtu alichukua, akaweka anachoweza baada ya kujiuliza mwenyewe, akaidumbukiza kwenye kapu moja. Tukakubaliana kabla ya kufungua kwamba kitakachopatikana ndicho kitakachoamua safari, na kwamba hakuna duru ya pili. Kaka mmoja alijitoa hapo hapo, akisema huu ni utaratibu wa kuwaadhibu wenye kazi. Siyo yule mwenye hoja ya daraja tatu. Huyo alibaki, ila alinung'unika. Nafasi ikachukuliwa na mwanafunzi wa mwaka wa kwanza ambaye hakuwa amewahi kujiandikisha, na bila shaka mnaweza kukisia kwa nini.

Zilipatikana faranga 548,500. Pungufu kubwa.

Na sitaficha kwamba bahasha mbili zilinitia waswasi. Moja ilikuwa na noti ya faranga 500. Nilijikuta nikizikunjua upya nitafute alama, nani huyu? Maskini kweli, au mwenye uwezo aliyejificha nyuma ya maskini? Wacheza gofu wanaujua ugonjwa huo: wapo wanaojifanya dhaifu wakusanye handikapu kubwa, kisha siku ya mashindano wanaibuka mabingwa. Hakuna dawa yake, kwa sababu mchezo wenyewe umejengwa juu ya uaminifu. Mara nyingi mchezaji hana mwamuzi pembeni yake, na anatarajiwa kujihukumu. Mwaka 1925, kwenye mashindano makubwa ya Marekani, Bobby Jones aliona mpira wake umesogea kidogo kwenye nyasi ndefu alipokuwa akijiandaa kupiga. Hakuna mwingine aliyeona. Akajiongezea mkwaju mmoja mwenyewe, na mwisho akalingana na Willie Macfarlane, wakarudiana, akashindwa. Bila ule mkwaju asingehitaji kurudiana. Jones hakuwa Mwislamu, na mimi sijui alifikiri nini pale kwenye nyasi, lakini sisi ambao tunasoma habari za muraqaba kila wiki tunajadili kama watu kumi na wanne wanaweza kuaminiwa na bahasha. Nilirudisha ile noti ya 500 pamoja na nyingine na nikachanganya.

Wallahu aalam kama tumepatia. Malazi yote yamekatwa. Hatutalala Kabale wala hatutafika Bunyonyi. Tutaondoka baada ya Alfajiri na kurudi usiku, tucheze mashimo 9 mara moja tu, na chakula ni cha kubeba. Yule kaka mwenye hoja ya daraja tatu ameniambia kwamba kwa 55,000 zake angelala hotelini, na ni kweli, angelala.

Fimbo tulizoazima zinajaza mifuko minne, kwa hiyo lazima tupokezane kuibeba. Nilipoandika orodha ya zamu niliweka jina la rafiki yangu mwisho kabisa, mahali ambapo mchezo utakuwa umekwisha kabla zamu haijamfikia. Aliisoma, akachukua kalamu, akalikata jina lake pale chini akaliandika upya kwa mpangilio wa alfabeti. Limeangukia nafasi ya tatu. Langu ni la nne.